Farasi Mpya Ana Tatizo? Soma Dalili Kabla ya Kumtandika

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa farasi mgeni jembe hilo ni tandiko, na siku ya tatu ni mapema mno. Siku ya tatu ndiyo homa ya safari hujitokeza, ndiyo tumbo huanza kulalamikia nyasi mpya, na yeye mwenyewe bado anazunguka ua akimtafuta mwenzake aliyemwacha kule alikotoka. Watu huniuliza wamrekebisheje farasi mkorofi waliyekaa naye siku tano. Mimi huuliza maswali mawili: je, usiku alilala chini? Na joto lake asubuhi lilikuwa nyuzi ngapi? Mara nyingi majibu hayapo. Basi kazi ianzie hapo, na tandiko libaki limetundikwa.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Nenda moja kwa moja kwenye ile unayoiona, ila soma kwanza sehemu ya vipimo hata kama farasi wako anaonekana mzima.

Vipimo vya kila siku

Huwezi kujua kilichoharibika kama hujui kikiwa kizima kikoje. Tangu siku ya kwanza mpime asubuhi na jioni akiwa ametulia, na uandike kwenye daftari. Farasi mkubwa mwenye afya huwa na joto la nyuzi 37.2 hadi 38.3 za Selsiasi, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, na pumzi 8 hadi 16 kwa dakika. Joto hupimwa njia ya haja kubwa. Simama ubavuni pake, mwili wako ukigusa wake, usisimame nyuma. Moyo utausikia nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto. Bonyeza ufizi kwa kidole: weupe unaobaki urudi kuwa waridi ndani ya sekunde 2. Kisha weka sikio ubavuni, chini ya nyonga, pande zote mbili. Tumbo zima linanguruma na kububujika. Tumbo lililo kimya si la kusubiri mpaka kesho.

Hesabu pia marundo ya kinyesi. Farasi wengi huangusha 6 hadi 12 kwa siku, na mabadiliko ya idadi hiyo hukwambia habari kabla ya dalili nyingine yoyote.

Jambo la mwisho kabla hatujaendelea: mpigie simu aliyekuuzia. Muulize farasi alikula nini na kwa kiasi gani, alikaa nje saa ngapi, alikaa na nani, alipandwa mara ngapi kwa wiki, kwa tandiko na lijamu (chuma cha mdomoni) gani, na lini mara ya mwisho alipewa dawa ya minyoo, akatengenezwa kwato na kukaguliwa meno. Nusu ya dalili zilizoandikwa hapa chini majibu yake yako kwenye simu hiyo.

Hali chakula, au anachagua-chagua

Akiacha kula kabisa, pima joto na usikilize tumbo kabla ya kufikiria jambo lingine. Joto likizidi 38.5, au tumbo likiwa kimya, huna tatizo la ugeni, una mgonjwa.

Vipimo vikiwa sawa, angalia anakula nini na nini anakiacha. Anayekula nyasi akaacha nafaka anaweza kuwa na vidonda vya tumbo, na dalili hii hupuuzwa kwa sababu watu hufurahi kwamba "angalau nyasi anakula". Anayeichukua nyasi, akaitafuna kidogo na kuidondosha ikiwa imeviringika kama kitonge, ana tatizo la meno. Anayekula vizuri wewe ukiwepo na kuacha ukiondoka, au anayeng'ata mara moja kisha kuinua kichwa na kutazama mbali, ana hofu: msogezee chakula mahali anapoweza kuona pande zote na kumwona farasi mwingine.

Usibadilishe chakula ghafla. Chango cha nyuma cha farasi ni pipa kubwa la vijidudu vinavyochachusha majani, na kila kundi la vijidudu limezoea chakula chake. Ukimbadilishia kwa siku moja, baadhi hufa, wengine hulipuka kwa wingi, na matokeo yake ni kuhara, msokoto wa tumbo, au hata ugonjwa wa kwato. Chukua chakula cha zamani cha kutosha siku 10 hadi 14, na uchanganye: robo mpya siku chache za mwanzo, kisha nusu, kisha robo tatu. Watu wengi hukumbuka kufanya hivyo kwa nafaka na kusahau nyasi, wakati nyasi ndiyo sehemu kubwa ya chakula chote.

Wiki za mwanzo hapandwi, kwa hiyo punguza nafaka au iache kabisa, na nyasi ziwepo karibu muda wote. Tumbo la farasi hutoa asidi bila kukoma, ale asile. Saa sita bila kitu mdomoni zinatosha kuanza kulichoma.

Hanywi maji

Farasi wa kilo 500 hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Anayekunywa kidogo baada ya safari anajitengenezea msokoto wa tumbo, kwa sababu chakula hukauka ndani na kuziba. Sababu ya kwanza ni ladha: maji ya kila mahali yana harufu yake, na farasi huijua. Ya pili ni chombo. Aliyezoea ndoo huenda hajawahi kuona birika linalojijaza lenyewe kwa kishindo, na analiogopa. Mwekee ndoo mbili pamoja na birika, uzijaze kwa alama ili ujue kapunguza kiasi gani. Loanisha nyasi zake. Weka jiwe la chumvi karibu. Akipitisha siku nzima bila kunywa, au fizi zikawa kavu na zenye kunata, mwite daktari wa mifugo.

Anapara ardhi, anatazama ubavu, anajilaza na kuinuka

Huu ni msokoto wa tumbo mpaka daktari aseme sio. Ondoa chakula, pima mapigo, piga simu. Mapigo yakipita 60 akiwa amesimama tu, sema hivyo kwenye simu, kwa maana ni kipimo ambacho daktari atakitumia kuamua aje kwa haraka kiasi gani. Usimpe dawa ya maumivu uliyobaki nayo kabatini. Itaficha dalili wakati ule ule zinapohitajika kuonekana.

Joto limepanda, anakohoa, ana makamasi

Hapa kuna visababishi viwili, na muda wa kuanza hukusaidia kuvitofautisha.

Homa inayokuja ndani ya siku moja hadi tatu baada ya safari ndefu mara nyingi ni maambukizi ya mapafu yanayoletwa na safari yenyewe. Farasi husafisha njia zake za hewa kwa kuinamisha kichwa. Akifungwa kichwa juu garini kwa saa nyingi, ute na bakteria hushuka kuelekea mapafuni badala ya kutoka puani. Ndiyo maana siku ya kuwasili nyasi ziwekwe chini, ardhini, ili ainame mwenyewe. Farasi wa aina hii anaweza kuwa mchovu tu, hataki kutembea, anapumua kwa haraka, na makamasi yasionekane kabisa. Usisubiri kikohozi.

Homa inayokuja siku ya tatu hadi ya kumi na nne, yenye makamasi mazito na uvimbe chini ya taya, inatia shaka ya ugonjwa wa majipu ya tezi unaosababishwa na bakteria Streptococcus equi. Unaambukiza sana, kwa kugusana na kwa ndoo, kamba na mikono. Lakini homa hutangulia: farasi huanza kumwaga bakteria kama siku moja au mbili baada ya joto kupanda. Anayepima joto kila asubuhi ana nafasi hiyo ndogo ya kumtenga mgonjwa kabla hajaambukiza zizi zima, na asiyepima hana.

Kwa sababu hiyo farasi mpya akae kwenye sehemu yake kwa wiki 2 hadi 3, awe na ndoo zake, brashi zake na koleo lake, na umhudumie wa mwisho baada ya wengine wote. Kutengwa huku kusiwe kifungo cha upweke. Awaone wenzake kwa mbali, asiwaguse.

Analia, anatembea kando ya ua bila kukoma, anatoka jasho

Anaomboleza na anaogopa kwa pamoja. Farasi ni mnyama wa kundi, na kuwa peke yake kwake ni hatari ya uhai. Kumkaripia hakumwondolei hatari hiyo, humwongezea nyingine.

Kinachosaidia ni hiki. Siku ya kwanza, mchana kweupe, mtembeze kwa kamba kuzunguka ua wote, kila kona, mlango na chombo cha maji, kabla hujamwachia. Farasi asiyejua ua uko wapi huupata kwa kifua chake, na akiachiwa usiku hupata majeraha. Mwekee nyasi kwenye marundo matatu au manne yaliyotawanyika, ili hata akitembea-tembea akutane na chakula. Mpe jirani mtulivu wa kumtazama. Farasi mzee asiye na papara ni mwalimu bora kuliko mimi na wewe. Kisha saa za kulisha na za kuingia na kutoka zisibadilike. Anapoanza kujua kinachofuata, mwendo hupungua.

Kwa kawaida hali hii hupungua siku hadi siku. Ikizidi badala ya kupungua, au akaanza kuyumba-yumba mlangoni kushoto na kulia, au kuuma ukingo wa mbao huku akivuta hewa, tazama upya muda anaofungiwa. Huenda alizoea kukaa nje saa zote na wewe unamfungia usiku kucha. Tabia hizo zikishakomaa huwa haziondoki, na kumfunga mkanda wa shingoni ili asiweze kuzifanya humwachia msongo ule ule bila njia ya kuutoa.

Hajilazi

Hii nimeiweka peke yake kwa sababu karibu hakuna anayeitafuta. Farasi husinzia akiwa amesimama, miguu yake ina namna ya kujifunga, na watu hudhani hivyo ndivyo anavyolala. Sivyo. Usingizi mzito wa ndoto haupatikani bila kulala chini, na anauhitaji kama dakika 30 hadi 60 kwa siku. Anaweza kuukosa kwa siku kadhaa bila kuonyesha kitu, kisha huanza kuporomoka: kichwa kinashuka, magoti yanalegea, anashtuka na kusimama. Angalia mbele ya magoti na vifundo vya miguu ya mbele. Michubuko isiyo na maelezo hapo ni ushahidi. Angalia asubuhi pia kama manyoya yake yana majani au vumbi upande mmoja.

Visababishi ni vitatu. Hajisikii salama, kwa kuwa hakuna farasi mwingine anayelinda wakati yeye analala. Mahali ni padogo au pagumu, hana pa kujigeuza akiinuka. Au viungo vinamuuma, na kujilaza kunamgharimu. La kwanza humalizwa na mwenzake, la pili na matandiko mengi makavu ya kulalia kwenye nafasi pana, la tatu na daktari. Mimi simpandi farasi ambaye sijaona alama ya kwamba amelala. Ukali mwingi niliowahi kuitiwa kuutazama ulikuwa wa mnyama aliyechoka kupita kiasi.

Hakamatiki malishoni

Farasi huona karibu duara zima, isipokuwa doa dogo mbele ya paji la uso na jingine nyuma ya mkia. Ukimwendea kwa mstari mnyoofu kuelekea uso ukimkazia macho, unamwendea kama mwindaji. Elekea begani, kwa mwendo wa kupinda, na mara anapokutazama, simama au rudi hatua moja. Kurudi huko ndiko malipo yake. Ukimfikia, mkune shingo na uondoke bila kumfunga. Fanya hivyo mara nyingi kwa siku, na mara nyingi ukimfunga mwachie tena baada ya dakika moja. Anayekimbia kamba mara zote amejifunza kwamba kamba huleta kazi au maumivu peke yake. Usimfukuze. Kila mbio anazoshinda ni somo lililomwingia.

Anakusukuma, anakukanyaga, anakuburuta

Tofautisha aliyezoea kusukuma na anayekimbilia kwako kwa hofu. Mwenye hofu ana kichwa juu, macho wazi, shingo ngumu kama ubao, na anapita juu yako kwa sababu anatazama kitu kingine. Huyu mpe nafasi, mgeuze aone anachokiogopa, subiri. Aliyezoea kusukuma macho yake ni laini, na bega lake linakujia polepole.

Kwa wote wawili somo ni moja, la shinikizo na kuachia. Gusa kifua kwa vidole, ongeza kidogo kidogo, na mara tu anapoinua mguu kurudi nyuma, ondoa mkono. Akirudi hatua nusu, ni hatua nusu, ondoa. Farasi hajifunzi kutokana na kubanwa, hujifunza kutokana na kile alichokuwa akifanya wakati kubanwa kulipokwisha. Ukichelewa sekunde mbili umemfundisha kitu kingine. Mfundishe kuongozwa, kusimama, kurudi nyuma, na kusogeza nyonga pembeni. Manne hayo yakifanyika popote bila kuvutana, una breki ya kutumia ukiwa juu.

Analaza masikio, anauma, anavimbisha tumbo ukileta tandiko

Nikiambiwa nichague dalili moja tu ya kuifundisha, nitachagua hii, maana ndiyo inayotandikwa juu yake kila siku. Watu husema anajaribu kukukwepa, au anakupima. Nami niliamini hivyo. Miaka mingi iliyopita nilimtandika farasi jike siku ya nne baada ya kuwasili. Alinigeukia na kunyanyua mdomo kila nilipokaza ukanda wa tumboni, nikamsogeza kichwa kwa kiwiko na kuendelea. Wiki ya tatu alinitupa. Daktari alipopitisha kamera puani hadi tumboni alikuta ukuta wa juu wa tumbo una vidonda. Alikuwa ameniambia kila siku, kwa lugha aliyokuwa nayo.

Kwa hiyo fanya uchunguzi kwa hatua, na tandiko likiwa mbali.

Kwanza, bila kitu chochote mgongoni, pitisha mkono mtupu polepole chini ya kifua, pale ukanda unapokaa. Akilaza masikio kwa mkono mtupu, tatizo liko mwilini au kwenye kumbukumbu, haliko kwenye tandiko. Vidonda vya tumbo ni mshukiwa wa kwanza, hasa kwa farasi aliyetoka kufungiwa, kusafirishwa, au kulishwa nafaka nyingi na nyasi chache. Kamera ndiyo njia ya kuthibitisha; matibabu, kwa kawaida omeprazoli, ni ya daktari.

Pili, bonyeza kwa ncha za vidole misuli iliyo pande mbili za uti wa mgongo, kutoka nyuma ya mabega hadi kiunoni. Uzito uwe ule ule mwanzo hadi mwisho. Misuli inayotetemeka, mgongo unaozama, mkia unaopiga, ni maumivu. Tafuta pia manyoya meupe yaliyoota katika mabaka chini ya mahali pa tandiko. Ni makovu ya tandiko la zamani lililobana, na yanakwambia historia ambayo muuzaji huenda hakuijua.

Tatu, lete tandiko peke yake, bila kitambaa na bila kukaza. Nundu ya mabega iwe na nafasi juu yake na pembeni. Mto wa tandiko uguse mgongo kwa urefu wote, usiwe umeegemea mbele na nyuma na kuacha uwazi katikati kama daraja. Mfereji wa katikati usiukanyage uti wa mgongo. Kosa la kawaida kuliko yote ni kumvika farasi mpya tandiko la farasi wa zamani kwa sababu lipo na lilikuwa ghali. Mgongo hubadilika pia: aliyekuja amekonda akinenepa kwa miezi miwili, lililomtosha halimtoshi. Baada ya kazi ya kwanza tazama jasho. Doa kavu katikati ya sehemu iliyolowa ni pale palipobanwa.

Kama vyote vitatu viko sawa na bado anakasirika, basi ni kumbukumbu, na kumbukumbu hutibiwa kwa kurudia bila maumivu: mwonyeshe tandiko, weka, ondoa, kaza ukanda tundu moja, tembea hatua kumi, kaza lingine. Mpe nyasi kidogo kabla ya kazi, ili chakula kilichomo tumboni kizuie asidi kurukia juu anapotembea. Kamwe usikaze wote kwa mkupuo.

Akikataa lijamu, akitupa kichwa au kufungua mdomo, usinunue mkanda wa kumfunga mdomo. Meno yake yakaguliwe kwanza. Makali ya magego hukata shavu, na vijino vidogo vya mbele ya magego hugongana na lijamu.

Wenzake wanampiga

Kelele ni nyingi kuliko majeraha. Kupiga mayowe, kupara, kuonyesha kisigino ni mazungumzo ya kupanga nani atangulie. Hatari ni kona, milango finyu na chakula kimoja. Baada ya muda wa kutengwa, wakae ua kwa ua siku kadhaa, kisha aunganishwe kwanza na mmoja mpole, kwenye uwanja mpana usio na kona za kunasa, viatu vya nyuma vikiwa vimetolewa. Marundo ya nyasi yazidi idadi ya farasi kwa moja au mawili. Akizuiwa asifike kwenye maji, au akiwa na majeraha mapya kila siku baada ya wiki, badilisha kundi.

Wiki ya kwanza mpole, wiki ya tatu hashikiki

Simu nyingi za hasira kwa wauzaji huzaliwa hapa. Wakati mwingine hasira ni ya haki, mara nyingi sivyo, na inabidi utenganishe visababishi kabla ya kumlaumu mtu au mnyama.

Cha kwanza ni kwamba hakuwa mpole, alikuwa ameganda. Farasi aliyezidiwa na mageni hunyamaza. Hasogei, hapingi, hatazami kitu, na mtu aliyemnunua husema ana tabia ya dhahabu. Tazama uso: jicho lisilofuata kitu, masikio yasiyocheza, mdomo uliokaza, hajaribu hata kukunusa. Mtulivu wa kweli husikiliza huku na huku, huinua mguu mmoja wa nyuma kupumzika, hulamba midomo, huangalia nani anapita. Aliyeganda akiyeyuka, kila alichokizuia hutoka kwa pamoja, na kama uko mgongoni siku hiyo ndipo unapojua. Hii ndiyo sababu yangu kuu ya kungoja.

Cha pili ni chakula na kazi. Kule alikuwa anapandwa siku sita kwa wiki na kula kwa kipimo. Kwako anakula vizuri zaidi na kusimama. Nguvu hazina pa kwenda. Punguza nafaka, mwongezee saa za nje, na mtembeze kwa mkono kila siku. Farasi wa mazoezi mazito akisimamishwa kwa nafaka ile ile kisha kurudishwa kazini ghafla anaweza pia kukakamaa misuli ya nyonga, akatoka jasho na kukataa kusogea, mkojo ukawa wa rangi ya kahawa. Huyo usimsogeze. Daktari.

Cha tatu ni maumivu mapya au yaliyorudi. Kwato zilizokatwa vibaya, nyasi tamu zilizomwongezea uzito, kwato zenye joto, mapigo yanayogonga nyuma ya kifundo, kusimama akiegemea nyuma ili kupunguza uzito wa mbele: hiyo ni kwato inayovimba kwa ndani, nayo ni dharura.

Cha nne ni dawa. Farasi anaweza kuuzwa akiwa amepewa dawa ya kutuliza au ya maumivu. Zipo za saa chache na zipo zinazokaa mwilini kwa wiki kadhaa. Kuchechemea kunakoibuka wiki moja baada ya kuwasili bila ajali kuna uhusiano na jambo hili mara kwa mara. Kinga ni kumwomba daktari achukue damu siku ya ukaguzi kabla ya kununua na kuihifadhi. Bila damu hiyo ni neno lako dhidi ya neno lake.

Cha tano ni sisi. Jumatatu unamruhusu akukune kwa kichwa, Jumanne unampiga kwa jambo lilelile, na mtoto wako anampa karoti akipara mlango. Farasi hajakuwa mjeuri; anauliza swali ambalo kila mtu nyumbani analijibu kivyake. Kaeni mkubaliane.

Ni lini basi apandwe?

Kwa wengi huwa kati ya wiki ya pili na ya nne, ila mimi siifuati kalenda. Nafuata daftari na mwili wake: joto limekuwa la kawaida mfululizo, anakula na kunywa, anajilaza, tumbo linanguruma, anakuja ukiingia, anaacha wenzake na kutembea nawe hadi wasipoonekana bila kulia, na anasimama kando ya kijukwaa cha kupandia kamba ikiwa imelegea. Kimoja kikikosekana, sitandiki.

Siku hiyo iwe ya kawaida, isiyo na upepo wala wageni, kwenye uwanja anaoujua kwa miguu yake. Vaa kofia ngumu, mtu mwingine awepo chini. Dakika 15 hadi 20 za kutembea zinatosha. Mwendo wa matiti (kukimbia polepole) na wa shoti (mbio) uache kwa wiki zijazo. Matatizo ya kawaida ya siku hiyo ni matatu.

Anakwama langoni au kurudi nyuma: hajapata ujasiri wa kuacha kundi. Shuka, mpitishe kwa mguu, kesho mpitishe tena, kisha ndipo upande.

Anashtushwa na kitu alichokwisha kukizoea: umempitisha upande wa pili. Alichokiona kwa jicho la kushoto mwonyeshe na la kulia kama kigeni.

Anaondoka kabla hujakaa vizuri: hajafundishwa kusimama, au mgongo unauma unapotua. Rudi kwenye vidole na misuli ya mgongo kabla ya kurudi kwenye kijukwaa.

Ukimaliza, toa tandiko na usome jasho. Kesho yake asubuhi, kabla ya chakula, pima joto, bonyeza mgongo kwa vidole vilevile na kwa uzito uleule, mtembeze kwa kamba kwenye ardhi ngumu usikilize kwato zake nne, kisha andika kwenye daftari.